Akaunti ya hundi kwenye benki moja ya Kigoma mjini: nyota tatu, na sababu zinazofanya watu wapigwe chini

Mwakeye wote. Jina la benki silitaji kwa sababu kesho asubuhi naweza kurudi palepale na bahasha ya mteja mwingine na sitaki kuanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni, ila wa hapa mjini mkisoma kidogo tu mtaijua. Naongelea huduma yao moja, kufungua akaunti ya hundi, ile wengine wanaiita karenti na wengine akaunti ya biashara. Akaunti ya akiba hapo ni mteremko, unaenda na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na simu mkononi unatoka ushakuwa mteja, hiyo nawapa nyota tano bila ubishi. Akaunti ya hundi nawapa tatu, na katika hizo tatu mbili ni za yule dada wa dawati la biashara peke yake, bila yeye hilo tawi lingekula nyota moja tu ya kiyoyozi.

Mimi nina steshenari Mwanga, siyo mbali na soko. Kazi zangu ndo hizi za kila steshenari siku hizi, fotokopi, picha za pasipoti, kusajili jina la biashara BRELA, kuomba TIN, ile namba ya mlipakodi, kuomba leseni kwenye mfumo wa TAUSI, kumchapia mtu barua halafu kumwelekeza aende dirisha gani. Kwa hiyo namwona mtu anavyotoka kwangu na bahasha imejaa, na namwona anavyorudi na meseji ya mstari mmoja inayosema ombi lako halijakidhi vigezo. Vigezo gani haisemi. Basi anakaa kwenye benchi langu anaanza, ni kwa sababu mimi maskini, ni kwa sababu sina mtu ndani, ni kwa sababu wametuona sisi wa mpakani. Kiukweli katika watu niliowaandalia makaratasi ya akaunti ya hundi sijamwona hata mmoja aliyekataliwa kwa kukosa hela. Nimeona mwenye maboti anakataliwa, nimeona fundi cherehani wa Gungu anakubaliwa, na ukiwawekea makaratasi yao pembeni ya mwenzake unaona mara moja, ya fundi yote yanasema kitu kimoja, ya tajiri kila moja linasema la kwake.

Tuelewane kwanza kwa nini hii akaunti wanaibania kuliko ya akiba. Kwenye akiba benki inakutunzia hela yako basi, ikiisha imeisha. Kwenye hundi wanakukabidhi kitabu chenye jina lao, unamwandikia mtu karatasi ya milioni kadhaa unamwambia nenda kachukue, akifika akaambiwa hamna kitu anaondoka anailaani benki. Tena hiyo ndo akaunti inayoweza kuruhusiwa kwenda chini ya sifuri, ovadrafti, kwa hiyo hata kama leo hujaomba mkopo wao washaanza kukuangalia kama mtu atakayeomba mwakani. Halafu kuna sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya 2006, inayomtaka mtu wa benki amjue mteja ni nani, anafanya nini, hela inatoka wapi, na biashara hasa ni ya nani hata kama jina lililoandikwa ni la shemeji. Oktoba 2022 Tanzania ikaingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaofuatilia mambo ya fedha haramu duniani, na tangu hapo kwa kweli maswali yaliongezeka, kila ukienda unakuta fomu ina kiambatisho kipya. Tumetolewa kwenye orodha Juni 2025. Fomu haijapungua hata ukurasa.

Sasa majina, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kwa ninavyoona mimi hili peke yake linaua maombi mengi kuliko mengine yote. Kuna mama mmoja anauza mawese kwa jumla, mama anayejulikana, madumu yake yanafika mpaka Tabora. Jina nimelibadilisha ila mfano ni huohuo. NIDA imemwandika Zuhura Ramadhani. TIN yake ni ya zamani, ya kabla mambo hayajaunganishwa na NIDA, imemwandika Zuhra Ramadhan. Leseni ikafuata TIN. Akaunti yake ya akiba kwenye benki hiyohiyo aliifungua miaka ile kwa kadi ya mpiga kura, humo ana jina la mume. Na barua ya mtaa, mwenyekiti wetu kwa heshima zake akaandika Bi Zuhura Mama Hamisi, akapiga muhuri. Mimi nikiangalia namwona mama mmoja tu namfahamu toka niko shule, lakini anayeangalia yuko Dar makao makuu, hajawahi kumwona, kwake hao ni wanawake wanne wanataka akaunti moja.

Na huku kwetu hili ni kubwa kuliko kwingine bana. Mtu ana jina la Kiha alilopewa na bibi yake, ana jina la dini, ana jina la babu ambalo ofisi moja wameliandika na h na ofisi nyingine wakaitoa, akina mama wa Ujiji wengine kwenye karatasi za zamani ni binti fulani, na wazee tarehe zao za kuzaliwa zilikadiriwa tu, mtu anakwambia nilizaliwa mwaka wa njaa ile. Tarehe nayo ina kesi yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukijaza kwenye fomu tarehe ile unayoijua wewe ya cheti cha ubatizo wakati namba yako inasema nyingine, huhitaji hata mtu wa kukukataa, sistimu yenyewe inakutema.

Dawa yake mimi nawaambia wateja hivi, kila kitu kifuate NIDA, usijaribu kuifanya NIDA ifuate vingine maana utazeeka. TIN unaenda TRA, watu wa mapato, wanakurekebishia, leseni unairekebisha baada ya TIN, na kwa yale majina ya zamani yasiyofutika unaenda kwa wakili unaapa kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja ambaye ni mimi. Kiapo siyo ghali na nimeona kinafungua milango.

Na hapa ndo tofauti ya yule dada wa biashara na wenzake inapoonekana. Ukienda dirisha la kawaida kaka pale anapokea bahasha, anahesabu karatasi, zimetimia, anagonga muhuri wa kupokelewa, asante mama tutakupigia. Hajasoma. Bahasha inaskaniwa inaenda Dar, inakaa wiki, inarudi imekataliwa. Yule dada yeye anazipanga mezani zote kwa mstari, NIDA hapa, cheti cha BRELA hapa, TIN hapa, anapitisha kidole herufi kwa herufi shikamoo yako ameshaitikia zamani lakini macho hayatoki kwenye karatasi, akiona u imeruka anakwambia mama yangu hii nikiituma itarudi, nenda karekebishe kwanza. Mteja anaondoka amenuna, lakini akirudi anapata akaunti. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa kwenye hilo tawi, ukifika ukakuta kiti chake kiko wazi kanywe chai urudi.

TIN yenyewe nayo ina mtego. Vijana wengi wana TIN waliyoombea leseni ya udereva au pikipiki, ile isiyo ya biashara, wanadhani TIN ni TIN. Namba ni tarakimu tisa zilezile lakini TRA haikutambui kama mfanyabiashara, hujakadiriwa kodi, na benki ikiiona inakurudisha. Ni kazi ya kubadilisha tu, ila hakuna anayekwambia mpaka ushakataliwa. Na leseni vilevile, lazima iseme biashara ile unayoisema kwenye fomu. Leseni za kundi B zinatolewa na halmashauri, za kundi A zinatolewa na BRELA, na kuuza nje ya nchi ni kundi A. Sasa mtu ana leseni ya duka la rejareja ya manispaa, kwenye fomu pale palipoandikwa maelezo ya biashara kwa sababu anataka aonekane mkubwa anaandika nasafirisha dagaa Kongo na Burundi. Ndugu yangu, hapo umejishtaki mwenyewe kwa mwandiko wako.

Alama za vidole sijawahi kuona mtu akiliandika hili. Benki wanahakiki kidole chako na kumbukumbu za NIDA, unaweka kwenye kile kimashine inakuja taa ya kijani. Watu wa Kibirizi na Katonga, mtu amevuta kamba na nyavu toka utoto, au amekamua mawese maisha yake yote, vidole vimelainika havina mistari, kimashine kinasema hapana, kidole kingine hapana, anajaribishwa vyote kumi foleni nzima inamwangalia kama mwizi. Kwenye hilo tawi kuna kimashine kimoja kinachosoma vizuri na kipo dirisha la mwisho, walinzi wanajua, ukiwauliza kwa upole wanakuelekeza. Kuosha mikono kwa sabuni na kupaka mafuta kidogo kunasaidia, msicheke, nimeona. Lakini ikishindikana kabisa ni lazima utaratibu mwingine uombwe kutoka juu na wengi wanakata tamaa hapo, na mimi hapo nalilaumu tawi, maana huu ni mji wa ziwa, wavuvi siyo wageni walioshuka jana.

Halafu kuna hili la NIDA yenyewe ambalo benki hawalaumiwi lakini wanalichangia. Mikoa ya mpakani kama huku namba haitoki kirahisi, Uhamiaji wanapitia kwanza, unaulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, mtendaji wako nani, na mwenye jina linalofanana na la ng'ambo anaulizwa mara mbili. Ni haki yao kuuliza, tumekaa na wakimbizi toka zamani na kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu. Hata wenzetu wa Tabora kule Ulyankulu, waliokuja 1972 kutoka Burundi wakaja kupewa uraia na vyeti vikaanza kutolewa 2014, nao wana hadithi zao za makaratasi. Bila NIDA hakuna BRELA, bila BRELA hakuna akaunti ya biashara, inaeleweka. Kisichoeleweka ni mtu ana namba, ana kadi kabisa ya plastiki, Uhamiaji walishamaliza naye, halafu kijana wa dirishani anamuuliza mzee wa watu kwa sauti, kwani kwenu hasa ni wapi? Mzee wa miaka ile. Nusu nyota ilitoka hapohapo mbele yangu. Yule dada alimwita mzee ndani akampa kiti, shikamoo baba, tuendelee, na meneja naye ikasemekana alimwita yule kijana baadaye, sina hakika, lakini sijamsikia akiuliza tena.

Hela inatoka wapi. Hii ndo inawaangusha wakubwa. Kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza makadirio ya mauzo kwa mwezi na chanzo cha fedha, sehemu ndogo tu, na watu wanaijaza kwa akili mbili. Wapo wanaoogopa TRA, biashara inazungusha milioni arobaini yeye anajaza milioni mbili, akiamini ile karatasi itavuka barabara iende TRA jioni hiyohiyo. Na wapo wanaotaka kuonekana, duka la vitenge moja anajaza milioni mia. Wote wawili wanakataliwa na wote wawili wanashangaa. Kwa sababu benki haiangalii ukubwa wa ile namba, inaangalia kama inafanana na leseni yako, na makadirio yako ya kodi, na miamala ya akaunti yako ya akiba ambayo wanayo mbele yao kwenye skrini. Umejaza mbili na kwenye akiba yako zinapita arobaini, wewe ungekuwa wao ungefikiria nini?

Na biashara yetu yenyewe ilivyo inatisha mtu wa Dar, tuwe wakweli. Dagaa zinaenda Kongo, vitenge vinatoka Kongo, chumvi ya Uvinza na saruji vinavuka, mtu wa Kalemie anamtuma kijana na boti na dola kwenye mfuko wa rambo, hana risiti, hana mkataba, wanajuana kwa majina ya utani toka wazazi wao. Wa Bujumbura anapita Manyovu vilevile. Kwa mtu wa benki hiyo ni keshi, ni dola, ni mpakani, ni mlipaji asiyejulikana, vitu vyote vinne alivyofundishwa kuviogopa vimekaa kwenye ombi moja. Na tangu kanuni za 2025 zilizokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, ukiandika tu kwamba mauzo yako ni ya dola bila kueleza kwamba mnunuzi ni wa nje na mzigo unatoka nje, umejitafutia maswali ambayo hutayajibu kwa meseji.

Huyo mwenye maboti niliyemtaja juu alikataliwa kwa mambo haya, na kwake kulikuwa na kituko kingine. Taarifa ya akaunti yake ya akiba ilionyesha hela zinaingia vizuri halafu kuanzia katikati ya Mei 2024 kimya, Juni kimya, Julai kimya, mwishoni mwa Agosti zinaanza kumiminika tena. Makao makuu wakaona ajabu, biashara gani inakufa miezi mitatu inafufuka. Jamani ziwa lilifungwa! Serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule, mji mzima ulikuwa unajua, dagaa zilikuwa hazishikiki kwa bei, tumekula maharage mpaka basi. Lakini karatasi haikusema, na aliyekuwa anasoma yuko sehemu ambayo ziwa wanaliona kwenye ramani. Tulipoomba upya tukaambatanisha barua ya maelezo, ukurasa mmoja, pamoja na daftari lake la mauzo, nakala za nyaraka za forodha za mizigo iliyovuka na risiti za ushuru wa mwaloni. Wakamkubalia. Yaani barua ya ukurasa mmoja, ambayo mtu wa tawi angeweza kuiandika mwenyewe kwenye sehemu ya maoni ya afisa, maana yeye alikuwa hapa anakula maharage na sisi.

Madeni ya kwenye simu nitayasema haraka. Kuna taasisi zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza rekodi za mikopo, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki ikitaka kukujua inachungulia humo, hasa kama unaomba akaunti yenye ovadrafti. Vijana wanadhani mkopo wa elfu ishirini wa kwenye laini ukibadilisha laini umekwisha. Haujaisha, umekaa na namba yako ya NIDA unakusubiri. Na ukimwazima rafiki laini iliyosajiliwa kwa jina lako akakopa, ni wewe umekopa. Hizo programu za mikopo zisizo na leseni, Benki Kuu ilizitangaza 69 na kuzipiga marufuku Novemba 2024, pamoja na akina kausha damu, wale wakopeshaji wa mitaani, hao hawakuharibii rekodi benki ila wanakuharibia kwa njia nyingine, mtu anaanza kuhamisha hela za duka kulipa riba na taarifa ya akaunti inaonekana kama ya mcheza kamari.

Vikundi sasa. Tangu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri irudi, ile nne ya akina mama nne ya vijana mbili ya wenye ulemavu, kila wiki napata kikundi kinataka akaunti. Wanakuja na katiba na cheti cha usajili cha halmashauri, vizuri kabisa, halafu muhtasari wa kikao cha kuchagua watia saini una majina matatu na fomu ya benki ina mengine, kwa sababu katikati hapo mweka hazina aligombana na mwenyekiti akajitoa. Au kikao kilihudhuriwa na watu saba na katiba inasema akidi ni kumi. Mtaniambia hayo ni madogo, sawa, lakini ya fedha za watu ishirini mimi hata ningekuwa benki ningeyakataa. Hapo siwaonei huruma. Kaeni kikao kingine, andikeni vizuri, picha na saini za watia saini ziwe za watu haohao, saini ya leo ifanane na ya jana. Bibi mmoja wa kikundi cha Buzebazeba alisaini fomu tatu kwa saini tatu tofauti, ukimuuliza anasema mwanangu inategemea na kalamu.

Wenye vyeo nao wajue, mheshimiwa mmoja (siyo mbunge, tulia) alikuja juu kwamba anacheleweshwa makusudi. Watu wenye nyadhifa za kisiasa ombi lao linatakiwa liidhinishwe na wakubwa wa benki na kuchunguzwa zaidi, dunia nzima ndo hivyo, siyo chuki.

Lalamiko langu kubwa kwa hilo tawi, na ndo linalokula nyota, ni ile meseji. Naelewa kuna wakati hawawezi kusema. Wakishuku fedha haramu na wakatoa taarifa kwenye kitengo cha serikali, sheria inawakataza kumdokeza mteja, kwa hiyo hapo kimya chao kina sababu. Lakini u iliyoruka kwenye Zuhura ni siri ya nchi? TIN isiyo ya biashara ni siri? Ukimjibu kila mtu kwa meseji ileile moja, mwenye kosa la herufi anaondoka anadhani ameitwa jambazi, na jambazi naye anaondoka anadhani ni herufi. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo toka 2019, malalamiko unaanza nayo kwenye benki yenyewe kwa maandishi, ukiona hawakujibu vya kueleweka unaenda Benki Kuu. Matawi ya Benki Kuu yako Mwanza, Dodoma, Mbeya, Arusha, Mtwara, huku kwetu hakuna, ila barua inasafiri. Mimi nimeandikia wateja barua za kuomba sababu na tawi likajibu kwa karatasi, yenye sababu, kumbe walikuwa nayo muda wote. Kuikataa akaunti ni haki yao, hakuna sheria hapa inayowalazimisha kumpokea kila mtu. Uingereza benki kubwa zinatakiwa kisheria zitoe angalau akaunti ya msingi isiyo na ovadrafti kwa aliyekosa nyingine, huku kwetu ukipigwa chini kwenye hundi unaendelea na akiba yako na wakala wa simu kama jana.

Mengine ya tawi kwa kifupi. Jengo safi, viti vipo, maji ya kunywa yapo siku nyingine. Walinzi wana adabu kuliko madirishani. Usiende tarehe za mishahara, utakutana na walimu wa mkoa mzima. Ukiambiwa mtandao uko chini usikae kusubiri, nenda sokoni. Makato ya mwezi ya akaunti ya hundi ni makubwa kuliko ya akiba na riba hupati, waulizeni wawaandikie kabla hujasaini, dada anasema mwenyewe bila kuulizwa, kaka wa dirishani mpaka umbane. Na kama biashara yako haimlipi mtu kwa hundi wala huna mpango wa ovadrafti, jiulize kama unaihitaji kweli, wengi wanaotoka jasho hapo wangetosha na akiba na namba ya malipo ya kwenye simu. Mama yangu wa mawese yeye aliihitaji kwa sababu shule za bweni anazozipelekea mafuta zinalipa kwenye akaunti yenye jina la biashara tu.

Alirudi na kiapo chake na TIN iliyonyooshwa, akamkuta dada, akapata. Meseji ya kwanza ya akaunti mpya aliniletea nimsomee akiwa anacheka, alidhani ni ya kumkaribisha. Ilikuwa ya makato.